Bi Kheiria na Jemadari wa Wagiriki

Bi Kheiria alikuwa mwoga, na wala hakuona haya kusema. "Mie mwoga," angekwambia mwenyewe huku anatunga uzi kwenye sindano, "na waoga ndio tuliobaki." Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, methali hiyo alikuwa nayo mdomoni kama wenzake walivyo na tasbihi mkononi.

Aliingia Maskati mwaka 1964, yeye na mdogo wake Thabit, wametoka Unguja na nguo walizovaa na bunda moja la shuka. Mumewe, Mwalimu Sleyum, aliuawa Januari ile ya mapinduzi mlangoni mwa nyumba yao. Hilo watu walilijua. Aliuawa vipi, na nani, hakuna aliyelijua, kwa sababu Bi Kheiria hakulisema. Thabit siku zile alikuwa Pemba, akazipata habari baada ya mazishi ya wengi kwishapita. Mwanzo alikuwa akiuliza. Kila akiuliza, dada yake huinuka akaenda kukanda unga, hata kama mikate ya siku ile imekwishapikwa. Mwisho akaacha kuuliza.

Maskati ya zama zile haikuwa mji wa kumtoa mtu woga. Kila kitu kilitaka ruhusa: kujenga ruhusa, kusafiri ruhusa, hata kukaa kwenyewe ruhusa. Jioni hupigwa mzinga, milango ya ukuta wa mji ikafungwa, na Bi Kheiria kila jioni huruka palepale alipo, mzinga huohuo mmoja, mwaka nenda mwaka rudi. Sikukuu ya Idi wanaume walipofyatua bunduki hewani kwa furaha, Thabit alimkuta dada yake chini ya kitanda, kashika sufuria tupu. Walicheka baadaye, lakini siku ile hawakucheka.

Na wao walikuwa na sababu mbili za kuogopa pale ambapo wengine wana moja. Kwanza walikuwa watu wa Afrika, Waarabu wanaoota kwa Kiswahili, na wakubwa wa mji hawakuwa na hakika wameleta nini vichwani mwao. Pili, asili ya baba yao ilikuwa kijiji kilicho chini ya Jabal Akhdar, na huko juu jabalini, miaka michache tu nyuma, watu walimpiga vita Sultani mpaka ndege zikaja kuwatupia mabomu. Ami yao ndiye aliyesimama kwa wali, mkubwa wa mji, akawadhamini. Wali akawapa ruhusa ya kukaa na neno moja la kuwasindikizia: wachunge ndimi zao. Likitoka neno baya nyumbani kwao, atakayeulizwa ni mwanamume wa nyumba, na atakayeulizwa ataulizwa ndani ya Jalali. Jalali ni ile ngome iliyo juu ya mwamba mdomoni mwa bandari, nayo ndiyo jela. Dirisha la Bi Kheiria lilitazama huko, akalitundikia kanga.

Thabit alipata kazi ya kupima tende kwenye ghala la Banyani mmoja huko Matrah, nje ya ukuta wa mji. Bi Kheiria alishona kofia, zile za viua, za vitobo vidogo vidogo, kazi aliyoijua tangu usichana. Waomani wanazipenda kofia hizo kuliko wanavyotaka kukiri. Haukupita muda akapata wenzake wawili wa kushona nao. Mmoja ni Mahfoudha, Mzanzibari mwenziwe, mcheshi, mwenye kicheko cha kuamsha mtoto. Wa pili ni Hind, mzaliwa wa hapohapo, ambaye Kiswahili alikipata kwa mumewe. Mume huyo, Ishaq, aliwahi kukaa Pemba ujanani mwake kwenye karafuu, na sasa alikuwa askari wa lango kuu la mji.

Kazi ya kofia ni kazi ya macho na vidole. Mdomo unabaki bure, na mdomo wa Mswahili haujui kukaa bure. Kwa hiyo Bi Kheiria alihadithia. Na alihadithia kwa desturi ya kwao: hadithi haimalizwi kwa kikao kimoja. Unaipeleka mpaka pale inapochemka, mlango uko karibu kufunguliwa, mkono uko juu na jambia, halafu unakata uzi kwa meno unasema, "Haya, mpaka kesho." Wenzako watakutukana, lakini kesho watakuja. Mwanamke asiyejua kukata hadithi hushona peke yake.

Alianza na sungura, akaja kwa majini, akaja kwa binti mfalme aliyeolewa na chatu. Kufika mwaka wa pili mkoba ukawa mtupu. Ndipo siku moja, Mahfoudha anamhimiza, ulimi wake ukaenda wenyewe kwenye hadithi ya mumewe.

Sleyum alikuwa mwalimu wa tarikhi, na katika tarikhi yote ya dunia alikuwa na kipenzi chake kimoja: jemadari wa Wagiriki aitwaye Kolokotroni. Kila mwaka alikuwa na kipindi chake maalumu cha kumsomesha mtu huyo, na wanafunzi wa madarasa mengine walikuwa wakija kusikiliza madirishani. Humchora ubaoni na masharubu yake na kofia ya chuma yenye shungi, kisha huanza kutembea huku na huku kama kwamba farasi wake yuko nje anamngoja. Bi Kheiria aliisikia hadithi ile nyumbani mara nyingi hata akaijua pumzi kwa pumzi.

"Alikuwa mtu wa milimani," aliwaambia wenziwe, "babu na baba zake wote wamekufa na silaha mikononi. Nchi yao imetawaliwa na Sultani wa Istambul miaka mia nne. Basi huyu bwana, umri wake umeshapita hamsini, wenziwe wanatafuta ukuta wa kuegemea, yeye ndiyo kwanza anashuka mlimani kwenda vitani! Na jeshi lake nani? Wachunga mbuzi."

"Wachunga mbuzi?" Mahfoudha akacheka. "Na mbuzi walimwachia nani?"

"Wana fimbo na bunduki mbovu. Wakiona askari wa Sultani wanakimbia. Anawarudisha. Wanakimbia tena, anawarudisha tena. Huyu anamtukana, huyu anambembeleza, mpaka siku moja wakageuka wenyewe, na wanaokimbia wakawa ni askari wa Sultani."

Hind alisahau sindano yake. "Wallahi!" alisema.

Walishona na Kolokotroni siku kadhaa. Na Bi Kheiria, ajabu yake, katika siku zile hakuogopa. Alipokuwa akihadithia alikuwa na Sleyum, sauti ilikuwa ya Sleyum, na ule mkono anaouinua akisema "Simameni!" ulikuwa mkono wa Sleyum. Akawafikisha Wagiriki chini ya ukuta wa mji mkubwa wa Tripolitsa, walipojikusanya maaskari wa Sultani na Waislamu wa nchi ile pamoja na ahali zao. Wamezingirwa miezi, chakula kimekwisha. Wagiriki wanapanda ukuta. Lango liko karibu kufunguliwa.

Bi Kheiria akakata uzi kwa meno. "Haya," alisema, "mpaka kesho."

Kesho yake asubuhi hakuja mtu.

Ilikuwa mwaka 1966, na asubuhi ile mji mzima ulikuwa unanong'ona. Habari zimefika kutoka Salala, kusini, anakokaa Sultani: askari wake mwenyewe wamempiga risasi kwenye gwaride, akaponea chupuchupu. Madukani watu walizungumza bei ya samaki kwa sauti kubwa na hayo mengine kwa macho. Bi Kheiria hakujua lolote. Alikaa na kofia yake akawangoja wenziwe mpaka adhuhuri, ndipo Mahfoudha akaja, hana kicheko, buibui limemkaa upande.

"Shoga, umekwisha," alisema, akasimama palepale mlangoni. "Hind kamhadithia mumewe. Unamjua Hind, moyo wake mweupe, kaona hadithi tamu akaipeleka nyumbani kama sahani ya futari. Basi Ishaq kaisimulia barazani langoni, wenziwe nao wakaichukua. Kufika sokoni, jina la Istambul limeshadondoka njiani. Sasa wanasema yuko mwanamke wa Unguja, mtu wa chini ya jabali, anawafundisha wanawake habari za jemadari wa mlimani aliyempiga Sultani. Na askari wake Sultani wamegeuka! Hivi hivi, jana, huko Salala, risasi zimelia!"

Bi Kheiria aliiweka kofia chini. "Lakini ni Wagiriki," alisema. "Ni mambo ya zamani."

"Nenda kawaeleze," alisema Mahfoudha. Akamshika mkono kwa nguvu, akaondoka mbio. Hakurudi siku ile wala zilizofuata, na Bi Kheiria hakumlaumu, kwani angekuwa yeye asingekuja hata mara ile moja.

Thabit alirudi kabla ya wakati wake. Banyani alimwambia apumzike nyumbani mpaka aitwe, akamwambia kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomtisha. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye mkeka akavua kofia.

"Mdomo uliponza kichwa, dada," alisema. "Na kichwa chenyewe changu."

"Nnajua."

"Huyo Mgiriki ulimtoa wapi? Sungura wamekwisha dunia hii?"

"Alikuwa wa Sleyum."

Thabit akainua kichwa. Tangu waje Maskati ilikuwa mara ya kwanza kumsikia dada yake akilitaja jina lile.

Siku zilizofuata Bi Kheiria alishinda karibu na mlango. Kila nyayo zilizopita kichochoroni alizifuata kwa masikio mpaka ziishie. Za mwenye kanzu na makubadhi alizijua, za askari wa viatu alizijua zaidi. Alijiona yuko Unguja tena, nyuma ya mlango, akisikiliza. Sasa angempoteza Thabit, wa mwisho aliyebaki katika watu wake, na angempoteza kwa hadithi ileile. Alilifunga wazo hilo haraka, lakini lilikuwa limeshampitia.

Ndipo akapika hila. Wakija kumuuliza, atawapa mwisho mwingine. Jemadari anakamatwa na askari wa Sultani pale pale ukutani, anapelekwa kwa minyororo, anaomba radhi, anakatwa kichwa. Sultani anarudi kitini na nchi inatulia. Aliurudiarudia moyoni akipepeta mchele, akipiga pasi, akitawadha. Ulikuwa mwisho mzuri, wa kumlaza mtoto. Sleyum angeona haya, lakini Sleyum hayupo, na Thabit yupo.

Ishaq alikuja baada ya sala ya alasiri, peke yake, na kilemba chake cha kazini. Alipiga hodi kama watu. Alikuwa mtu mzima, mpole wa uso, na upole ule Bi Kheiria hakuuamini hata kidogo. Thabit alimkaribisha kwenye mkeka. Bi Kheiria alijitanda ushungi akakaa pembeni, karibu na mlango wa uani.

Mgeni haulizwi shida yake kabla hajala na kunywa. Ndiyo ada ya Oman, haitenguliwi hata kwa anayekuja kukufunga. Ikaletwa tende, ikaletwa kahawa. Wakaulizana hali, wakaulizana habari, kila mmoja akasema hakuna ila kheri. Mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe, na hapo ndipo unapoacha kumimina. Ishaq hakutikisa. Thabit akamimina, mgeni akanywa. Thabit akamimina tena, na buli likagonga ukingo wa kikombe.

"Bi Kheiria," alisema Ishaq hatimaye, kwa Kiswahili cha Pemba kilichochakaa, "nimetumwa na wakubwa. Wanataka kujua ni hadithi gani hiyo. Kosa ni langu pia, nimeizungumza mie barazani, kwa hivyo wamesema niende mie. Nihadithie yote mpaka mwisho. Nikitoka hapa nitasema nilichosikia. Siongezi, sipunguzi."

Bi Kheiria akauvuta ushungi wake. Akaanza. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto mbele ya mwalimu wa chuoni. Alisema Istambul, akarudia Istambul, kila penye Sultani akaweka Istambul. Akapita kwa wachunga mbuzi, na Ishaq akatabasamu kidogo. Akafika ukutani. Mwisho wake wa uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi, minyororo, radhi, kichwa.

"Lango likafunguliwa," alisema.

Kichochoroni mtoto alikuwa akimwita mwenziwe. Bi Kheiria aliutafuta ule mwisho wake akauona, lakini mdomo ulikataa kuutamka.

"Lango likafunguliwa wakaingia," alisema. "Wakaingia majumbani. Walioua hawakuchagua mwenye bunduki na asiye na bunduki. Waislamu, na Mayahudi waliokaa nao, wanawake, wachanga, vizee. Walikatwa majiani na uani na kwenye ngazi za nyumba zao. Siku tatu. Waliokimbilia kwa jirani, jirani aliwafungia mlango, na wengine jirani ndiye aliyewaonyesha. Mtu mmoja alijificha kisimani. Mwanamke mmoja alitoka na jungu mkononi, hajui kwa nini kalishika, alikuwa anapika uji..."

"Dada," Thabit alisema polepole. "Huo si mji wa Wagiriki."

"Mwache," alisema Ishaq.

Bi Kheiria aliifunika mikono yake kwa ushungi. Ishaq aliweka kikombe chini bila ya kukitikisa.

"Na huyo jemadari?"

"Alishinda. Kwao ni shujaa mpaka leo, na haki yao, nchi yao aliitoa utumwani. Baadaye wenziwe wenyewe wakamhukumu kufa, wakamtia ngomeni. Mfalme wao akamsamehe. Kafa mzee, kitandani kwake."

Askari alitazama chini aliposikia habari ya ngome. "Mbona wanawake hukuwaambia haya ya mji? Hind alikuja nyumbani anamshangilia mtu huyu."

"Hata mume wangu hakuwaambia wanafunzi wake." Sasa maneno yalitoka bila ya kutafutwa, na hofu, badala ya kumziba mdomo, ilikuwa ikiyasukuma. "Mie aliniambia. Nikamuuliza, mbona darasani unaishia langoni? Akasema, watoto wana mtihani, na mtihani hauulizi nani alikuwa ndani ya nyumba. Akasema, kwanza waipende tarikhi, machungu watayajua ukubwani. Mwaka baada ya mwaka akaishia langoni. Na walimpenda, wallahi! Alikuwepo mmoja, kijana mzuri, mwenye akili kuwapita wote, akija kwetu Ijumaa anakula pilau. Akiniita mama. Yeye alimpenda Kolokotroni kuliko wote, alimchora kwenye daftari, na masharubu yake."

Thabit alikuwa amemgeukia, kinywa wazi.

"Januari ile tulisikia watu kichochoroni. Wakagonga. Sleyum akafungua mwenyewe, alisema wakivunja watatuua wote. Yule kijana ndiye aliyekuwa mbele. Alikuwa na panga. Akasema, 'Mwalimu, leo sisi ndio Kolokotroni.' Hakusema kwa dhihaka. Nilimwona uso wake, alikuwa kama mtoto anayetaka mwalimu amwambie vizuri. Na mume wangu akanyoosha mkono, kama hivi, kama yuko ubaoni. Akasema, 'Ngoja. Ngoja, mwanangu. Somo lile sikulimaliza.'"

Hakulia. Alikuwa akitazama mlango.

"Akajibu nini?" Ishaq aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ya mtu aliyetumwa.

"Hakujibu. Aliteremsha panga. Nakwambia aliliteremsha, nimeona kwa macho yangu. Lakini nyuma yake walikuwepo wengine, wasiosoma kwa Sleyum, na walikuwa wakisukuma. Akanipigia kelele yule kijana, 'Mama, tokea uani!' Nikatokea uani. Nikakimbia. Mie mwoga, bwana Ishaq. Nilikimbia na jungu mkononi, sikugeuka nyuma."

Ishaq akakiokota kikombe chake pale chini, tayari kilikuwa kimepoa, akakinywa, akakitikisa, akampa Thabit. Alisimama akajifunga mshipi wake vizuri.

"Nitawaambia ni hadithi ya makafiri walioua Waislamu, anayoihadithia mjane," alisema. "Hilo hakuna atakayelikataa. Na wewe, Thabit, kesho nenda kazini. Pita langoni kwangu, wakuone unapita." Akafika kizingitini akageuka. "Hind atakuja. Lakini usimhadithie hii. Mwambie sungura, hata kama anamjua."

"Inshallah," alisema Bi Kheiria.

Nyayo zake zilikwenda, na Bi Kheiria alizisindikiza kwa masikio mpaka zikaishia. Alitaka kumshukuru Mungu na hakuweza. Amesalimika, na Thabit amesalimika, na kifua chake bado kilikuwa kikienda mbio vilevile, kama kwamba hakuna aliyekiambia. Jua lilikuwa linashuka. Muda si mrefu mzinga ungelia naye angeruka, alilijua hilo.

Akainuka akaenda kutafuta unga.

Thabit alimshika mkono, akamrudisha kwenye mkeka taratibu, akakaa mbele yake, magoti yao yakagusana kama walivyokuwa wakikaa utotoni.

"Dada," alisema. "Walimzika wapi?"

"Sijui," alisema Bi Kheiria. "Sikurudi kutazama."